Mtaro wa Juu Kwanza

Jumatatu, 1 Septemba 1986

Nimekama. Nimechota maji safari mbili. Nimetwanga mahindi ya muthokoi ya watu ishirini na wanne, mikono bado inanuka pumba. Mwethya wote, kikundi chetu cha kusaidiana kulima, ulikuja kwetu leo na hakuna aliyeshika jembe. Walikuja kusikiliza.

Mgeni anaitwa Bwana Abdi. Mtu wa Garissa, mrefu, bado kijana, vumbi la hapa Kalamba limempaka mpaka kope. Ametumwa na mradi wa udongo. Hajui Kikamba hata neno. Akina mama nao wanajua Kiswahili cha soko: ongeza, punguza, nifungie. Basi Mama, kwa kuwa ndiye mwenyekiti, akanyoosha kidole. Mutheu amemaliza Form Four. Mutheu atatafsiri.

Mimi. Mimi ambaye kanisani naimba bila kufungua mdomo. Nangoja barua ya chuo cha ualimu na watu wakinitazama watano kwa pamoja natafuta mlango. Mwalimu gani huyo.

Naandika Kiswahili kwa sababu Mama anasoma Kikamba cha Biblia tu. Kiingereza nacho ni cha mtihani, hakinijui.

Alichosema Bwana Abdi: mwaka jana mwethya ulichimba mitaro shamba zima la mtu mmoja, ukamaliza, ukaenda kwa mwingine. Mvua ikafika mashamba manne yakiwa tayari. Ishirini hayakupata kitu. Sasa anataka tuchimbe mtaro wa juu peke yake, kwa kila mtu, kwa sababu huo ndio unaoyashika maji kabla hayajapata nguvu. Halafu turudi mzunguko wa pili. Tujigawe vikundi vinne vya watu sita. Na kila Ijumaa tusimame tuulizane.

Mama Mutua akasema nyuma, kwa Kikamba, "Huyu anajua ngamia. Jembe amelijulia wapi?" Wakacheka mpaka kuku wakakimbia. Bwana Abdi akaniuliza wanacheka nini. Nikaangalia miguu yangu. Susu Mbithe, bibi yetu sote, akamwambia mwenyewe kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, na Bwana Abdi akacheka kuliko wote.

"Mama, ngamia akikosea njia sisi humgeuza asubuhi ile ile. Hatungoji tufike kwenye kisima ambacho hakipo."

Hiyo nilitafsiri.  Wakakubali kujaribu.

Ijumaa, 5 Septemba

Ametuonyesha fanya juu. Unachimba mtaro kufuata vigingi, na udongo unautupa upande wa juu wa mteremko, uwe tuta. Kila sepetu inapanda. Kazi ya kuua. Lakini mvua ikija, tuta linazuia udongo wako usiondoke, na mwaka baada ya mwaka shamba linalala tambarare.

Kwenye ukingo wa ghala letu tumefunga waya. Magunzi ishirini na manne yananing'inia, kila shamba gunzi lake, na mahindi yake. Shamba likipata mtaro, gunzi linapukuchuliwa. Asiyejua kusoma anaona kazi imefika wapi. Ni akili.

Halafu Ijumaa yenyewe. Akina mama wamesimama mviringo, wameegemea mipini. Bwana Abdi akauliza: tumefanya nini? Nini kimetushinda? Tubadilishe nini?

Ya kwanza nilitafsiri sawa. Ya pili niliigeuza. Utamuulizaje mama wa watu mbele ya wenzake ameshindwa na nini? Hapa mtu hasemi kosa la mtu mzima hadharani, hata la mbuzi wake. Nikasema, "Anauliza mnaendeleaje."

"Nesa," wakajibu. Vizuri.

Nikamgeukia Bwana Abdi. Kila kitu sawa, nikasema. Akaandika.

Niliona ni adabu. Sikuona ni uongo.

Ijumaa, 12 Septemba

Mbuzi wa Mama Mutua amekula mashamba mawili. Alisimama kwa miguu ya nyuma akayatafuna magunzi yake na mahindi yake. Tumepandisha waya. Mama Mutua anasema mbuzi wake ndiye mfanyakazi hodari kuliko wote, anamaliza shamba kwa dakika.

Kikundi cha Susu Mbithe kimemaliza mashamba mawili ya kweli. Wengine moja na kitu. Bwana Abdi amewasifu mbele ya watu. Susu ana miaka sitini na kitu na anawapita wasichana.

Aliuliza tena nini kimetushinda. Nikauliza tena mnaendeleaje. Nesa.

Jumatano, 17 Septemba

Nimeona kitu na natamani nisingekiona.

Nilipeleka uji kwa kikundi cha Susu, ng'ambo ya bonde, shambani kwa Koki, mmoja wao. Mtaro ni mzuri, umenyooka. Lakini udongo wote uko chini yake. Wanautupa chini ya mteremko, fanya chini badala ya fanya juu. Unateleza wenyewe, hauhitaji nguvu. Ndiyo maana wanamaliza haraka.

Susu alichimba mitaro hivyo akiwa msichana, wakati wa mzungu, chifu akiwasimamia na kiboko. Alituhadithia mara nyingi. Mikono yake inajua hiyo. Wale watano wengine wanaona. Koki anaona, ni shamba lake, na alisoma mpaka darasa la saba. Alinitazama, akatazama chini. Nilimwelewa. Susu Mbithe ndiye mkunga wetu. Alimkata Koki kitovu. Alinikata mimi. Utauambia nini mkono uliokupokea?

Zamani mwethya wote ungekuwa shamba moja na Mama angeona. Sasa tumegawanyika, kila kikundi na ng'ambo yake.

Niligawa uji. Nikarudi na vikombe.

Ijumaa, 19 Septemba

Bwana Abdi alikagua mashamba ya upande wetu tu. Ana vikundi vingine mpaka Matiliku, na pikipiki inamsumbua. Ng'ambo alihesabu kwa magunzi.

Nesa.

Mama alimwekea birika lake na kikombe chake, na mkeka nyuma ya ghala akaswali. Akina mama walinyamaza mpaka akamaliza. Watu wanampenda. Hiyo inafanya iwe mbaya zaidi.

Ijumaa, 3 Oktoba

Kikundi cha Susu kimemaliza mashamba yote sita. Waliimba kutoka ng'ambo mpaka kwetu. Bwana Abdi alipiga makofi. Akaniambia, "Mutheu, waambie wengine wajifunze kutoka kwao."

Nikatafsiri hiyo neno kwa neno. Ya kwanza niliyoitafsiri sawa kwa wiki nyingi.

Naandika ili nijue: mimi ni mwoga. Si mpole. Watu wanasema Mutheu ni mpole. Ni uoga umevaa nguo ya kanisani.

Alhamisi, 9 Oktoba

Manyunyu. Mvua ya nusu saa mchana, hata haikulowesha paa vizuri. Wingu la njiani tu, mvua yenyewe bado.

Shamba la Koki limekatika.

Nilikwenda. Ule udongo uliotupwa chini umesombwa wote, na mtaro umebomoka katikati, maji yamechora mfereji mpaka kwenye kibanda cha kuku. Vifaranga wote wamekufa. Koki alikuwa ameshika ufagio anafagia matope nje ya mlango, anafagia tu, kama mtu anayefagia kila siku. Watoto wake watatu wamekaa juu ya kitanda. Mume wake alikufa mwaka juzi. Hilo shamba ndilo kila kitu.

Manyunyu tu. Ile mvua kubwa itafanya nini? Na mashamba sita.

Ijumaa, 10 Oktoba

Leo ni mbaya kuliko jana.

Akina mama walikuja wamekasirika. Mama Mutua alisema mambo ya kugawanyika yametuletea laana, turudi zamani, shamba moja, wimbo mmoja. Wawili walisema wanajitoa. Koki alisimama nyuma. Susu Mbithe alisema ardhi ya Koki ni ya mchanga, haishiki, si kosa la mtu.

Bwana Abdi akaniuliza wanasema nini. Uso wake ulikuwa mkavu, alikuwa na wasiwasi. Nikafungua mdomo. Nilikuwa na maneno yote. Fanya chini. Mashamba sita. Maneno manne tu.

Nikasema, "Wanasema mvua ilikuwa na nguvu."

Akasema pole kwa Koki. Akasema tutaimarisha. Akapanda pikipiki akaenda.

Koki alinipita bila kunisalimu. Sawa.

Jumapili, 12 Oktoba

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilihesabu siku. Mzee mmoja wa kanisa anasema mvua ni kabla ya mwisho wa mwezi, ameona siafu wanahama. Wiki mbili, labda.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimetembelea yote sita, peke yangu. Nilisema natafuta mbuzi.

Yote fanya chini. Hata la Susu mwenyewe. Yeye ana mteremko mkali kuliko wote na ndizi zake ziko chini kabisa.

Lakini mitaro ni mizuri. Kuchimba kumekwisha. Ni udongo tu uhamishwe, uvushwe juu ya mtaro, ushindiliwe. Watu sita watachukua siku nne kila shamba, na hazitoshi. Watu wote ishirini na wanne, siku moja kila shamba. Siku sita. Nilipiga hesabu hiyo mara tatu nikiwa nimekaa juu ya jiwe. Inawezekana. Kitu pekee kilicho katikati ni mimi kusema.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimemwambia Mama. Tulikuwa tunapepeta. Nilimwambia yote: udongo, na maswali ya Ijumaa niliyoyageuza.

Hakuacha kupepeta. Nilifikiri atanichapa, ingawa nimekua. Baadaye akasema, "Umeniambia mimi. Mimi si mwethya."

"Waambie wewe, Mama. Wewe ni mwenyekiti."

"Nani aliyekuwa mdomo wa kila mtu?"

Halafu akaniambia nimalize ungo wangu.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimefanya mazoezi kwa ng'ombe. Sipendi kuandika hivi lakini ni kweli. Nimesimama zizini nikasema yote kwa Kikamba, kisha kwa Kiswahili. Ng'ombe hakujali. Sauti ilikatika mara moja tu.

Kesho.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimesema.

Bwana Abdi aliuliza kama kawaida, nini kimetushinda. Nikavuta pumzi, nikauliza kwa Kikamba vile vile alivyouliza. Nini kimetushinda? Wakashangaa. Mama Mutua akasema, "Kumbe hilo ndilo swali?"

Nikasema ndiyo, ndilo swali tangu Ijumaa ya kwanza, na mimi nimekuwa nikilificha. Na majibu yenu nimekuwa nikiyalainisha. Na nimeona mashamba sita ng'ambo, udongo umetupwa chini, nimejua mwezi mzima, shamba la Koki limekatika kwa sababu hiyo na nimenyamaza. Nikasema yote kwa Kikamba, nikageuka nikasema yote kwa Kiswahili. Nilikuwa nalia lakini maneno yalitoka. Sikujua mtu anaweza kufanya vyote viwili.

 Halafu Susu Mbithe.

"Wewe. Nilikutoa tumboni umejifunga na kamba yako mwenyewe. Nikakupiga ukapumua. Leo pumzi hiyo ndiyo unayonitukania?"

  Akachukua jembe lake akaondoka, polepole, ili kila mtu amwone akiondoka. Wanne wa kikundi chake wakamfuata. Koki hakumfuata. Koki alisema, kwa sauti ndogo kama yangu, "Ni kweli. Mimi pia niliona."

Bwana Abdi alikaa chini kwenye vumbi. Mtu mzima, na suruali yake safi. Nilidhani atanifukuza. Akasema nitafsiri, na nisipunguze: "Mimi ndiye niliyehesabu magunzi badala ya kutembea. Msichana alinyamaza mwezi. Mimi nalipwa mshahara nisinyamaze."

Wakamsamehe hapo hapo. Mimi bado hawajanisamehe.

Tukaulizana tubadilishe nini. Kwa mara ya kwanza watu walijibu. Mama Mutua: kila kikundi kikaguliwe na kikundi kingine kabla ya gunzi kupukuchuliwa, "na si na mbuzi wangu." Wakacheka kidogo. Nikatoa hesabu yangu. Wote kwa pamoja, shamba moja kwa siku, siku sita. Mama akasema Jumatatu, kwa Koki.

Jumatatu, 20 Oktoba

Walikuja kumi na mmoja.

Tulihitaji ishirini na wanne. Tulikuwa kumi na mmoja na mimi. Sikurudi nyumbani na vikombe. Nilishika sepetu. Udongo umekauka juu, chini ni mzito. Kuinua, kuvusha mtaro, kutupa, kukanyaga. Bwana Abdi alikanyaga na viatu vyake vya mjini. Saa kumi na moja jioni tulikuwa tumefika zaidi ya nusu. Koki alisema nendeni. Hatukwenda. Tulimaliza jua likigusa kilima.

Nina malengelenge manne. Nimeyaandika kwa sababu nayapenda.

Jumanne, 21 Oktoba

Kumi na saba. Kumbe wale wawili waliojitoa walipita njiani, wakaona tuta la Koki, wakarudi kuchukua majembe na kuita wenzao. Shamba la pili limekwisha saa tisa.

Susu hayuko. Mlango wake umefungwa. Moshi unatoka, kwa hivyo yuko.

Asubuhi nilisimama mbele yao wote nikapanga nani aanze wapi. Mama alininyooshea kidole tu, kama ile siku ya kwanza.  Sauti haikutetemeka, au ilitetemeka kidogo. Hawakuonyesha kuona.

Jumatano, 22 Oktoba

Susu Mbithe amekuja.

Tulikuwa shamba la tatu. Alitokea juu ya mteremko na wale wanne nyuma yake, hakusalimu. Alisimama kwenye tuta, akalikanyaga, akaruka juu yake mara mbili, bibi wa miaka sitini na kitu. Halikumeguka. Akashuka mtaroni. Akatupa sepetu ya kwanza juu. Ilimrudia nusu usoni. Hakuna aliyecheka. Ya pili ilifika.

Baada ya kama nusu saa akaanzisha wimbo. Tukaitikia. Mimi pia, mdomo wazi. Hatukusema lolote kuhusu Ijumaa. Sepetu ilisema.

Mama alimwambia shamba lake liwe kesho, kwa sababu ndilo lenye mteremko mkali. Akakataa. "La Mbithe litakuwa la mwisho. Mpishi aliyeunguza chakula hajipakulii kwanza."

Nilitaka kusema hapana. Nilisema. Nilisema, "Susu, mvua haitajua nani aliunguza." Walinigeukia wote. Akaniambia nichimbe.

Ijumaa, 24 Oktoba

Matano yamekwisha. Wote ishirini na wanne tangu jana. Mikono ya kila mtu imefungwa vitambaa.

Mawingu yamekaa upande wa Matiliku tangu mchana na hayaondoki. Bwana Abdi alitaka tuendelee moja kwa moja mpaka kwa Susu. Tulijaribu. Watu walikuwa wanaanguka. Tulifika robo. Kesho alfajiri tunamalizia.

Ijumaa ya leo ilikuwa fupi. Nini kimetushinda? Mama Mutua: mimi Jumanne nilisema ninaumwa mgongo na sikuumwa, nilichoka tu. Mwingine: maji ya kunywa hayakutosha. Mwingine: Mutheu anasema chini chini, sisi wa nyuma hatusikii.

Hiyo ya mwisho nilimtafsiria Bwana Abdi. Yote.

Jumamosi, 25 Oktoba

Mvua ilianza kabla ya mapambazuko na haijaacha. Hakuna anayeweza kuvuka bonde. Nimekaa mlangoni siku nzima. Siwezi kufanya kitu.

Jumapili, 26 Oktoba

Imeacha asubuhi. Hewa baridi. Vyura kila mahali.

Sikwenda kanisani. Nilivuka bonde maji yakiwa magotini. Kwa Koki, maji yamesimama ndani ya mtaro wote, kahawia, kimya, yanaingia ardhini polepole. Tuta limeshika. Mengine manne pia. Nimeyaona yote kwa macho yangu, sikuhesabu kwa kitu kingine.

Kisha kwa Susu Mbithe. Robo tuliyohamisha imesimama. Kuanzia hapo kwenda chini hakuna kitu. Ni mwamba mtupu, na ndizi zimelala.

Alikuwa huko tayari, peke yake, kanga juu ya mabega. Nilisimama kando yake. Sikuomba msamaha wala yeye hakuomba. 

Baadaye akavunja kijiti, akakichomeka pale udongo mzuri ulipoishia. Akaniambia Bwana Abdi akija nimwambie hivi: shamba la Mbithe limeondoka, kosa ni la Mbithe, na kesho kazi inaanzia kwenye kijiti hiki. Nisimpake mafuta kwa mgongo wa chupa. Niseme vile vile.

Nikarudia maneno yake. Akasema hajasikia. Nikarudia tena. Akasema bado.

Nikarudia mara ya tatu kwa sauti kubwa, na mbali kule shambani kwake Koki aliinua kichwa.